Nani Atampokea Mwenye Miaka Kumi na Sita?



Nyiragongo ilipofoka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mji wetu ulikimbia. Wengine walielekea Sake, wengine wakavuka mpaka na kulala Gisenyi, na katika giza lile mikono mingi iliachana. Siku iliyofuata UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametenganishwa na jamaa zao. Tunaikumbuka wiki ile kwa sababu ya woga wake, lakini pia kwa sababu ya jambo jingine. Akina mama wa mashirika yetu ya msingi walikuwa karibu kugombana juu ya watoto wale. Mtoto wa miaka minne akilia kando ya barabara alipata mama watatu kabla ya jua kutua. Hakuna aliyeuliza atakula nini, wala atalala wapi katika nyumba ya mbao yenye vyumba viwili. Alibebwa mgongoni, akaogeshwa, akapewa jina la utani. Wengi wao walipopatiwa wazazi wao siku chache baadaye, waliowapokea walilia kwa kuwaachilia.

Tunayaandika hayo ili msije mkadhani kwamba tunawaona Wakristo wa Goma kuwa na mioyo migumu. Sivyo. Mji huu umepokea watu tangu Julai 1994, na pengine hakuna mji mwingine katika Kongo yetu uliogawana sufuria na wageni kwa muda mrefu namna hii. Ugumu tunaotaka kuutafakari pamoja nanyi ni mwingine. Ni kwamba ukarimu wetu una mpaka wa umri, na mpaka huo hatujawahi kuukiri.

Tuliuona mpaka huo Dominika moja baada ya Misa, katika mwaka huu uliofuata vita kuingia mjini mwishoni mwa Januari 2025. Mhudumu wa jamii alikuja kwenye kikao cha shirika letu. Ni mama mmoja mtaratibu, amezoea kazi yake, na hakuja na picha za kutuliza. Alisema anatafuta familia moja tu, kwa miezi sita au zaidi, ya kumpokea mtoto aliyemaliza muda wake katika kituo. Mara akina mama wawili wakanyosha mikono. Mmoja akauliza, ni wa kike au wa kiume? Wa kiume. Ana miaka mingapi? Mhudumu akajibu: kumi na sita. Alikuwa katika kundi lenye silaha kwa miaka miwili. Kijiji chao kiko upande ambao barabara haipitiki. Baba amekufa, mama anatafutwa. Mikono ikashuka polepole, kana kwamba ilikuwa imenyoshwa kwa kujikuna tu. Kukawa kimya. Kisha mzee mmoja, mtu mwema kabisa, akauliza swali ambalo halijatutoka masikioni: «Hamna mwingine, mdogo mdogo hivi?»

Nasi tuliokuwa tumeketi mbele, sisi tunaofundisha katekisimu na kuwaandaa watu kwa Kipaimara, tuliangalia chini.

Ni vema kwanza tuelewe kile ambacho mama yule alikuwa anaomba, kwa maana wengi husikia neno «kupokea mtoto» wakafikiri ni kuasili, au ni kuokota mtoto njiani na kumpeleka nyumbani. Si hivyo. Katika nchi yetu Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, juu ya ulinzi wa mtoto, inasema mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18. Mwenye miaka kumi na sita ni mtoto, hata kama ana sauti nzito na ndevu zimeanza kuota. Mtoto aliye katika hali ngumu, awe ametupwa, amekosa makao, au ametumiwa na kundi lenye silaha, anastahili ulinzi wa pekee wa Serikali, na hakimu wa watoto anaweza kumweka katika familia au katika taasisi iliyokubaliwa. Kwa wale wanaotoka katika makundi yenye silaha, hapa Goma njia iliyozoeleka ni hii: kijana hupita kwanza katika kituo cha muda tunachokiita CTO, kama kile cha CAJED, ambamo hukusudiwa kukaa miezi mitatu hivi akitunzwa, akisikilizwa na kuanza tena masomo madogo, huku jamaa zake wakitafutwa. Wengine hawapiti kituoni kabisa, na hasa wasichana huwekwa moja kwa moja katika familia za mapokezi. Familia hizo huchaguliwa, hufundishwa, hutembelewa. Hazilipwi mshahara. Hupewa godoro, blanketi, vyombo, pengine chakula cha mwanzo. Mwaka 2009 hiyohiyo Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo juu ya malezi ya watoto wasio na wazazi, ukisema waziwazi kwamba familia itangulie na kituo kiwe msaada pale familia inapokosekana.

Karatasi, basi, zipo. Tena ni nzuri. Kinachokosekana ni kitanda katika nyumba ya mtu.

Wapo wanaotujibu: lakini tuna Don Bosco Ngangi, tuna masista, tuna vituo, vijana hao waende huko. Tunaheshimu sana kazi ya Wasalesiani pale Ngangi. Vijana wangapi wa mji huu wamejifunza useremala na umakanika mikononi mwao? Na mwaka 2012, M23 walipoingia Goma kwa mara ya kwanza, ni katika uwanja wao maelfu ya wakimbizi walijihifadhi. Lakini ninyi mnaofanya kazi huko kama wasimamizi wakati wa likizo mnajua vizuri kuliko sisi jambo hili: kijana aliyelala miaka mitatu katika chumba cha vitanda ishirini anajua kupanga mstari, anajua kengele, anajua kujieleza mbele ya wageni wanaokuja na kamera. Hajui jinsi baba anavyorudi jioni akiwa amechoka na kukasirika bure, kisha akaomba radhi. Hajui mboga ikipungua nani hujinyima. Mambo hayo hayafundishwi darasani, na sisi tuliosomea ualimu tumejaribu. Kituo ni daraja. Daraja lisilo na ng'ambo, mtu atajenga juu yake, au ataruka majini.

Tuseme sasa juu ya hofu, kwa sababu mahubiri mengi juu ya jambo hili huiruka. Hofu ya wazazi wetu si upumbavu. Mama anayekataa kijana wa miaka kumi na sita anafikiria binti zake wawili wanaolala katika chumba cha pili. Anafikiria simu, redio, na fedha za kikundi cha akiba alizoficha chini ya godoro. Anafikiria usiku: na kama wenzake wa porini wakija kumchukua, watagonga mlango wa nani? Anafikiria mchana: jirani akimpeleka kwenye ofisi na kusema nyumba fulani inaficha mtu wa kundi fulani, nani atamtetea? Katika mji ambao umebadili mikono, swali hilo si la mzaha. Anafikiria sufuria pia. Tangu benki zilipofungwa, hata mwalimu mwenye kazi anaishi kwa kukopa, na kijana wa umri huo anakula bugali ya watu wawili. Yote hayo ni kweli. Asiyekubali kuyasikia asije kutuambia habari za upendo.

Lakini kuna hofu nyingine iliyojificha nyuma ya hizo, nayo ndiyo tunayoitilia shaka. Ni ile ya kuamini kwamba kijana huyu tayari ameharibika, kwamba alichokiona au alichokitenda kimemwingia damuni na hakitoki. Wengine huivalisha nguo za dini: ana pepo, ni mchawi, aombewe kwanza. Tunapenda mjue kwamba Katiba ya nchi yetu, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na Sheria ya 2009 inaweka adhabu ya kifungo kwa anayefanya hivyo. Na kwetu sisi Wakatoliki, tunaosadiki kwamba ubatizo haufutiki, ni ajabu kusadiki pia kwamba doa la porini ndilo lisilofutika.

Hata maneno yetu yanahukumu. «Kadogo» lilikuwa neno la kubembeleza, neno la Kiswahili chetu wenyewe, la kumwita mdogo wa nyumbani. Tangu vita vya 1996 na 1997 lilitoka jikoni likaenda vitani, na leo ukilitamka mbele ya wageni hawamwazii mtoto, wanawaza bunduki. «Maibobo» nalo halina heri yoyote ndani yake. Tumesikia maneno hayo mawili yakitajwa katika uwanja wa parokia, tena na vijana waliovaa skafu za chama chao, wakimwonyesha mwenzao kwa kidole.

Turudi kwa kijana yule. Alipata familia, si katika kikao kile, bali baada ya wiki mbili. Baba na mama wenye watoto wanne, upande wa Ndosho, watu wa sala na wa kazi. Miezi mitatu ya kwanza ilikwenda vizuri kiasi cha kutuaibisha sisi tuliokaa kimya. Kijana aliteka maji, alibeba mifuko ya makala kwa chukudu ya baba, alimfundisha mtoto mdogo kuhesabu. Usiku hakulala vizuri. Mama alisema alikuwa anamsikia akitembea ndani ya nyumba saa nane, saa tisa, akigusa mlango kama umefungwa. Hawakumwuliza. Katika mwezi wa nne simu ya baba ikapotea. Kijana alikana siku mbili, siku ya tatu akakiri: aliiuza Birere. Familia ikamrudisha.

Tungependa kuwaambia kwamba simu ilikuja kuonekana chini ya kiti, na kwamba kijana alisingiziwa. Habari kama hizo zinapendeza kusimuliwa. Lakini aliiba kweli. Hapo ndipo swali letu linapoanza, kwa sababu katika baraza letu la wakatekista tulijiuliza wenyewe: ni nani kati yetu ambaye mtoto wake wa kuzaa hajawahi kuiba nyumbani? Tukacheka kidogo, kisha tukaacha kucheka. Mmoja alisema mwanawe aliuza jiko la mama yake. Mwingine alisema binti yake alikula minerval ya muhula mzima. Walifanyaje? Waligomba, walipiga, walilia, walinyima chakula cha jioni. Hakuna aliyemrudisha mtoto, kwa sababu hakukuwa na pa kumrudisha. Huenda tofauti yote kati ya mtoto na mgeni ni hiyo tu. Mtoto akikosa anaadhibiwa ndani, mgeni akikosa anatolewa nje. Na vijana hawa wanaijua tofauti hiyo kuliko sisi. Mhudumu wa jamii alituambia kwamba wengi wao huanza kosa wakati mambo yanapokuwa yamenyooka, kama mtu anayetikisa kiti kabla ya kukikalia. Wanataka kujua kama mlango utafungwa, na heri wajue mapema.

Hata hivyo hatuwezi kuihukumu familia ile. Tulipokwenda kuwaona (tulikwenda tumechelewa, baada ya kijana kuondoka) baba alituuliza jambo moja kwa upole: katika miezi minne, nani kutoka shirika alipita hapa? Tulihesabu. Padri alipita mara moja. Mhudumu wa jamii alipita kila wiki mbili, ndiyo kazi yake. Sisi tulikuwa tumewapigia makofi kanisani siku ya kuwatangaza, tukaenda zetu. Mama alikuwa amefanya mpango wote peke yake: chakula, daftari, macho ya majirani, usiku wa kutolala. Simu ilikuwa tone la mwisho katika ndoo ambayo sisi hatukusaidia kuibeba. Tunasema hivyo bila kujipiga kifua kwa kuonekana. Tunasema kwa sababu ndipo tulipojifunza kwamba mapokezi mengi hayashindwi kwa ubaya wa familia wala kwa ubaya wa kijana. Yanashindwa kwa upweke.

Kwa hiyo hatukubaliani na ndugu zetu wanaotaka familia zilipwe kila mwezi. Sababu zao tunazielewa, tena njaa ni ya kweli. Lakini tumeona, katika miaka ya misaada mingi, jinsi kila kitu chenye malipo hapa Goma kinavyogeuka kuwa biashara, na hatutaki kuona kijana akihesabiwa kama mfuko wa saruji. Shirika lenye nyumba thelathini likitoa kila nyumba kikombe kimoja cha maharage kwa wiki, familia moja inapumua. Huo si mshahara. Ni jinsi tulivyozika wafu wetu na kuwaoza watoto wetu tangu zamani.

Juu ya wasichana tunalazimika kusema neno gumu zaidi. Wao hupata mlango kwa urahisi kuliko wavulana, nasi tulikuwa tukifurahi, mpaka tulipoanza kuangalia kilichoko nyuma ya mlango. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msichana wa kupokelewa hupewa jembe siku ya kwanza, saa ya kwanza. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, anateka maji, anafua nguo za watu wanane, anauza sambaza sokoni, na watoto wa nyumba wanapokwenda shuleni yeye anabaki na mtoto mchanga. Jirani akiuliza, jibu ni moja: tunamlea kwa hisani. Hiyo si hisani, ni kupata mtumishi bila mshahara. Na ziko nyumba, zinatutia aibu kuzitaja, ambamo alipata mabaya kuliko yale aliyoyakimbia, kutoka kwa mwanamume aliyepaswa kuwa baba. Kwa sababu hiyo msidharau uchunguzi wa wahudumu wa jamii na maswali yao mengi. Msimchukue mtoto njiani kwa huruma ya ghafla na kumficha nyumbani. Mpelekeni kwa wenye mamlaka ya kumlinda, na jina lake liandikwe. Huruma isiyokubali kutembelewa tunaishuku.

Katika Maandiko kuna mtu mmoja ambaye tunamfikiria sana siku hizi. Kila mwaka, tunapofika kwenye Familia Takatifu, tunahubiri juu ya Yosefu aliyelea mtoto asiye wa damu yake, na tunafanya vema. Lakini Yosefu alipokea mtoto mchanga. Sisi tunatafuta msimamizi wa waliokwisha kukua wakiwa na jeraha, naye tunamkuta katika kitabu cha Kutoka, sura ya pili: kuhani wa Midiani. Musa aliyekaa kando ya kisima chake hakuwa mtoto wa kubembelezwa. Alikuwa ameua mtu na kumfukia mchangani. Alikuwa anatafutwa na serikali. Alikuwa amelelewa katika jumba ambalo halikuwa la watu wake, na watu wake walikuwa wamemkataa. Mabinti walirudi nyumbani wakisema kuna mtu mgeni, Mmisri, amewatetea mbele ya wachungaji. Baba yao hakuuliza kwanza ana karatasi gani. Aliwagombeza kwa kumwacha kisimani, akaagiza aitwe aje kula. Na zingatieni, ninyi wazazi mnaosoma ukurasa huu wa watoto wenu: mzee yule alikuwa na mabinti saba nyumbani.

Hatusemi kwamba mzee hakuwa na macho. Musa alikuwa ameonyesha tabia yake pale kisimani kabla ya kuingia ndani. Lakini alipoingia, alikabidhiwa kondoo. Hapo tunaona hekima ambayo vituo vyetu na familia zetu hukosa mara nyingi. Tunampa kijana chakula, tunampa ushauri, tunampa sala. Hatumpi kitu cha kuchunga. Tunaogopa ataharibu. Kijana aliyebeba bunduki alikuwa amekabidhiwa kitu, hata kama kilikuwa kiovu. Alikuwa na jina, na zamu, na watu waliomtegemea. Akirudi kwetu akawa mtu wa kupewa tu, msishangae akiikumbuka zamu yake.

Na hapa Goma tuna mfano ulio karibu kuliko Midiani. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1981, tunamkumbuka kwa sababu alikataa rushwa. Alifanya kazi katika ofisi ya OCC ya kukagua bidhaa zinazopita mpakani, akakataa kuruhusu chakula kilichooza kiingie kwa watu, akauawa Julai 2007. Papa Fransisko aliwatajia vijana jina lake Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma. Picha yake sasa iko katika vikanisa vyetu. Lakini wanaoisifu rushwa aliyoikataa husahau mara nyingi urafiki alioukubali: pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio aliwatafuta watoto wa barabarani wa mji huu, akaketi nao, akahangaika wapate kusoma. Alikuwa kijana mlei, mwenye kazi na mipango ya maisha, kama ninyi. Hakuwa na nyumba kubwa ya kuwapokea wote. Alijua majina yao.

Tumefika kwenye sehemu yenu. Ninyi hamwezi kuwa familia ya mapokezi. Wengi wenu bado mnalala kwa baba zenu, na sheria haiwezi kumkabidhi mtoto kwa mtoto. Lakini kuna kitu ambacho familia haiwezi kumpa kijana wa miaka kumi na sita, hata ikiwa takatifu namna gani, nacho ni watu wa rika lake. Yule wa Ndosho, tulipomwuliza baadaye kwa nini aliuza simu, alisema fedha zile alikwenda kuwagawia wenzake wa zamani aliokutana nao Birere, kwa sababu ndio pekee waliomwita kwa jina lake. Katika miezi minne ile alikuja Misa kila Dominika. Alipita mbele ya Xaveri, mbele ya kwaya, mbele ya skauti. Alituambia aliwahi kusimama kando ya uwanja akitazama mchezo wa mpira wa vijana wa parokia, akangoja waseme kama amekamilisha idadi. Walikuwa kumi upande mmoja. Wakacheza kumi.

Hatujui kama walimwona. Pengine hawakumwona, na hilo si dogo kuliko kumkataa. Tunajua pia vizuizi vingine mlivyoviweka bila kukusudia: michango ya kila wiki, sare ambayo bei yake inapita uwezo wa familia inayolisha mtu wa ziada, fomu inayouliza parokia ya ubatizo na jina la baba na la mama, na kiongozi anayeisoma kwa sauti mbele ya wote. Kijana asiyejua mama yake yuko wapi atajaza nini? Ataikunja fomu, ataweka mfukoni, hatarudi. Ninyi mtaandika katika ripoti kwamba alikosa juhudi.

Mtatuuliza kama si hatari. Ni hatari kidogo, ndiyo, na hatuwataki mjifanye wahudumu wa jamii. Msimwulize alichokifanya porini. Akitaka atasema, na akisema msikimbilie kusimulia. Akizungumza juu ya kurudi huko, au juu ya kujidhuru, mwambieni mtu mzima mnayemwamini siku ileile. Msimkopeshe fedha. Msimtembelee nyumbani usiku bila wenye nyumba kujua. Zaidi ya hayo, mpeni namba ya jezi, mpeni ngoma ya kubeba, mwacheni akosee sauti katika kwaya kama wengine wanavyokosea kila Dominika. Kizito, msimamizi wa wadogo zenu, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi alipouawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na Karoli Lwanga, mkubwa wake, alikuwa ameahidi kumshika mkono. Umri uleule tunaouweka juu ya altare tunauogopa mlangoni.

Kijana wa Ndosho yuko kituoni tena. Familia ile imeomba kumwona. Baba amekwenda mara mbili, mara ya pili alimpelekea viatu. Mama bado hajaamua, na hatumsukumi. Katika shirika letu tumekubaliana nyumba kumi na moja kuchangia maharage na makala ikiwa atarudi, na wakatekista wawili kupita kila Alhamisi jioni, si kukagua, bali kuketi tu na kumwezesha mama atoke nje kidogo.

Mhudumu wa jamii naye atarudi Dominika ijayo baada ya Misa ya pili. Safari hii ana majina mawili: msichana wa miaka kumi na tano aliye na mtoto wa miezi saba, na mvulana wa miaka kumi na saba anayejua kucheza upande wa kulia. Kikao ni katika ukumbi mdogo, karibu na uwanja wenu.